Chuo, Kitabu na Kioo: Historia ya Uteuzi wa Chombo cha Kusomea katika Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayozungumzwa sana siku hizi katika vyumba vya walimu, maktabani na hata majumbani, ni lile la chombo kipi kinamfaa msomaji: kitabu kilichopigwa chapa, kishikwambi, au kile kifaa chepesi kilichoundwa kwa kusomea tu, ambacho katika makala haya kitaitwa kisomeo. Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa kupima mambo matatu, yaani bei, uzito na afya ya macho. Vipimo hivyo vina maana yake, wala havidharauliwi hapa. Hata hivyo, mtu akiitazama historia ya maandishi ya Kiswahili ataona kwamba swali lenyewe si geni. Wasomaji wa Kiswahili walikwisha kuhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine kabla ya leo, kutoka mswada ulioandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu hadi kitabu kilichopigwa chapa kwa hati za Kirumi. Katika uhamisho huo baadhi ya kazi zilivushwa, na nyingine zikaachwa ng'ambo.

Nia ya makala haya ni kuichunguza historia hiyo kwa ufupi ili kupata kipimo cha kuamulia jambo la sasa. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi za kale za Kiswahili zilisalia, kwa sehemu kubwa, kwa sababu walikuwepo watu waliokuwa na uwezo na ruhusa ya kuzinakili. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mwenye kuchagua chombo hana budi kuuliza zaidi ya kama kinasomeka vizuri. Yafaa aulize pia nani anaimiliki nakala, nani anaweza kuizalisha upya, na itadumu kwa muda gani baada ya mwenyewe kuondoka.

Enzi ya mswada

Katika Kiswahili cha kale, hasa cha Lamu na Pate, neno chuo lilimaanisha kitabu. Ndiyo sababu Utendi wa Tambuka, ambao hutajwa kuwa ulitungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Maana ya leo, mahali pa kusomea, ni tawi la maana hiyo: mwana alipelekwa chuoni, yaani aliwekwa mbele ya kitabu.

Maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa na wengi. Barua zilizoandikwa Kilwa mnamo 1711 zimehifadhiwa katika nyaraka za Kireno huko Goa. Mnamo karne ya 18 na ya 19 miji ya kaskazini, kama vile Pate, Siyu na Lamu, ilikuwa na waandishi walioishi kwa kalamu zao. Siyu ilisifika kwa kunakili misahafu na kuijalidi, na kazi hiyo ilikuwa ufundi wa kurithishana. Karatasi ilitoka nje kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Nyingi katika zile zilizotumika katika karne ya 19 zilitengenezwa Italia. Maadui wa kazi hiyo walikuwa wawili wanaojulikana na kila mkazi wa pwani: unyevu na wadudu. Mswada usionakiliwa upya ulikuwa unangoja kufa.

Kwa hiyo kunakili kulikuwa sharti la uhai wa kazi. Utendi wa Mwana Kupona ni mfano mzuri. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga karibu na mwaka 1858 akimwusia binti yake, miaka michache kabla ya kufariki. Wosia huo ungaliweza kubaki ndani ya nyumba moja. Badala yake ulinakiliwa na kupokezanwa miongoni mwa wanawake wa Lamu na kwingineko, hata ukawa miongoni mwa tendi zinazojulikana zaidi. Hakuna aliyehitaji kuomba idhini ya mchapishaji. Aliyekuwa na kalamu, wino na jioni kadha wa kadha alitosha.

Jambo la pili la kukumbukwa ni kwamba mswada haukuwa chombo cha jicho peke yake. Utendi ulisomwa kwa sauti na kwa mahadhi, msomaji akiwa mmoja na wasikilizaji wengi. Sifa hii inahusiana moja kwa moja na upungufu wa hati zenyewe. Alfabeti ya Kiarabu, kama ilivyotumika kwa Kiswahili kabla ya kurekebishwa, ilikuwa na alama tatu tu za irabu, ilhali irabu za Kiswahili ni tano. Alama moja ilisimama badala ya o na u, na herufi moja iliweza kusimama badala ya f na v. Kwa hiyo choma na chuma yaliweza kuandikwa namna moja, na hali kadhalika fua na vua. Msomaji aliyeujua utendi kwa masikio hakupotea. Aliyekutana nao kwa mara ya kwanza alihitaji mwalimu. Mswada, kwa maneno mengine, ulimtegemea mtu aliyeukumbuka, na mtu huyo aliutegemea mswada.

Habari za Muyaka bin Haji zinaithibitisha hoja hii. Mshairi huyu wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliacha mashairi yaliyokuwa midomoni mwa watu. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kwa hati za Kiarabu, akisaidiana na W. E. Taylor, mmisionari aliyekuwa mjuzi wa Kimvita. Sikujua alifariki mwaka 1890. Kazi yao ilikaa katika makaratasi hadi William Hichens alipoichapisha Johannesburg mwaka 1940, na baadaye Mohamed Hassan Abdulaziz akaifanyia uchambuzi mpana katika kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka 1979. Tangu kifo cha mshairi hadi kuchapwa kwa diwani ilipita miaka 100 kamili. Katika muda huo kazi yake haikuwa na ulinzi wowote isipokuwa kumbukumbu za watu na mkono wa mnakili mmoja.

Kitabu kilichopigwa chapa

Mtambo wa chapa ulipofika pwani uliletwa hasa na wamisionari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kuandika Kiswahili kwa hati za Kirumi, na kamusi yake ilitolewa mwaka 1882 baada ya kifo chake. Huko Unguja, misheni ya UMCA ilikuwa na mtambo wake, na Edward Steere alichapisha hadithi za Kiswahili huko London mwaka 1870. Hati za Kirumi zilipokelewa na serikali za kikoloni kwa sababu za utawala na za elimu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuvipitia na kuviidhinisha vitabu vya shule.

Faida za kitabu kilichochapwa hazina shaka. Nakala 1,000 zilizofanana zilikuwa salama kuliko mswada mmoja, na mtoto wa Kisumu au wa Tabora aliweza kusoma maandishi yale yale aliyosoma mtoto wa Tanga. Hati za Kirumi ziliziandika irabu zote tano, hata mgeni akaweza kusoma bila kuongozwa. Pasipo kitabu hicho ni vigumu kuwaza kuenea kwa kazi za Shaaban Robert, wala riwaya zilizofuata.

Hasara nazo zapaswa kutajwa. Kwanza, hati mpya zilikuwa na upungufu wake. Msomaji wa Mombasa hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, na hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa kupumua katika sauti ya kwanza. Tahajia sanifu haikuziandika tofauti hizo. Pili, na ni jambo kubwa zaidi, msomaji aliyekuwa amebobea katika hati za Kiarabu alijikuta, mbele ya mtambo mpya, akihesabiwa kuwa hajui kusoma. Mamia ya watu wa pwani, wanawake wakiwa miongoni mwao, walikuwa na elimu isiyotambulika katika daftari la serikali.

Wapo waliojaribu kuziba pengo hilo. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Mombasa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 kwa Kiswahili na Kiarabu, na alishughulika pia na kuzirekebisha hati za Kiarabu ili zichukue sauti zote za Kiswahili. Muda mrefu baadaye, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walitoa mapendekezo yao juu ya jambo hilo hilo. Juhudi hizi hazikuwa na shule wala mtambo mkubwa nyuma yake, kwa hiyo hazikuweza kushindana na chombo kilichokuwa na vyote viwili.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha vyema jinsi kazi zilivyovushwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyeishi hadi mwaka 1945, alikuwa mwandishi wa hati, mchongaji, mshairi na mwanamuziki. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimwomba awanakilie tendi, naye akafanya hivyo kwa mkono mzuri na kwa malipo. Sehemu kubwa ya yale yanayosomwa leo chini ya jina la fasihi ya kale ya Kiswahili imepitia mkononi mwake. Lakini nakala hizo zilikwenda London na Ujerumani. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Nairobi aliyetaka kuuona mswada wa Lamu alilazimika kupanda ndege kwenda Ulaya. Juhudi za J. W. T. Allen za kukusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 zilikuwa na thamani kubwa kwa sababu hiyo: ziliweka nakala mahali ambapo wenye lugha wangeweza kuifikia.

Uhuru haukuliondoa tatizo la nani anaamua kipi kichapwe. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitoa vitabu vingi vya Kiswahili, miongoni mwao Rosa Mistika ya Kezilahabi mwaka 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo lilivunjika, na Kenya Literature Bureau ikashika kazi hizo Nairobi. Tangu hapo kitabu cha Kiswahili nchini Kenya kimetegemea zaidi orodha ya vitabu vya shule. Kinachotahiniwa huchapwa tena na tena. Kisichotahiniwa hutoweka madukani baada ya toleo la kwanza, nacho bado ni mali ya mchapishaji asiyekusudia kukirudia.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba hata katika zama za chapa uhai wa kazi uliweza kurudi kwenye mkono mtupu. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya kijitabu chake cha mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Akiwa kifungoni alitunga mashairi na kuyaandika katika karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitolewa nje kwa siri, yakachapishwa Nairobi na Oxford University Press mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Chombo duni kuliko vyote kilitosha, kwa kuwa hakikuhitaji ruhusa ya mtu wala nguvu ya umeme.

Kioo

Historia ya kitabu cha kielektroniki huanzia mbali kuliko vifaa vyenyewe. Mwaka 1971 Michael Hart, akiwa katika chuo kikuu cha Illinois, alianza kuingiza maandishi katika kompyuta ili yagawiwe bure, na kazi hiyo ikawa Project Gutenberg. Vifaa vya kusomea vilikuja baadaye: Kindle ya kampuni ya Amazon ilitolewa Novemba 2007, na iPad ya kampuni ya Apple mwaka 2010.

Vifaa hivi viwili havifanani katika utendaji, na kuvichanganya ni asili ya makosa mengi. Kishikwambi hutoa nuru yake chenyewe kuelekea machoni, huonyesha rangi na picha zinazosogea, hutoa sauti, na betri yake huisha kwa muda wa saa kadhaa. Kisomeo hutumia kile kinachoitwa wino wa kielektroniki, ulioendelezwa na kampuni ya E Ink iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997. Ndani ya kioo chake mna vifuko vidogo mno vyenye chembechembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzisukuma juu au chini, na hivyo herufi hujitokeza. Zikishakaa mahali pake hazihitaji umeme tena mpaka ukurasa ugeuzwe. Ndiyo maana kisomeo husomeka juani kama karatasi, na huweza kukaa majuma kadha bila ya kutiwa moto. Kwa shule isiyo na umeme wa kutegemewa, tofauti hiyo si ndogo.

Afrika Mashariki imekwisha kuvijaribu vyombo vyote viwili. Shirika la Worldreader, lililoanza kazi yake Ghana mwaka 2010, lilipeleka visomeo Kilgoris mwaka 2011, katika shule za mashambani. Kwa upande wa vishikwambi, serikali ya Kenya iliahidi mwaka 2013 kuwapatia wanafunzi wa darasa la kwanza vifaa vya kielektroniki, na kuanzia mwaka 2016 zaidi ya vifaa milioni 1 viligawiwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Umeme ulivutwa hadi shule nyingi kwa ajili ya mpango huo. Lakini miaka miwili tu baadaye, mwanzoni mwa 2018, serikali hiyo hiyo ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni kwa malori. Kitabu hakikuondolewa na kioo. Kwa kazi ya kila siku darasani kilirudi kwa nguvu zaidi.

Mtaalamu wa lugha anaweza kuuliza kama urudi huo ulikuwa na msingi wowote zaidi ya mazoea. Utafiti unaonyesha kwamba upo. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 54 zilizofanywa tangu mwaka 2000, zilizohusu wasomaji zaidi ya 170,000. Waliona kwamba wasomaji wa karatasi walielewa zaidi kuliko wasomaji wa kioo, hasa katika maandishi ya maelezo na pale muda ulipobana. Katika hadithi tofauti haikuonekana. Mwaka 2019 Anne Mangen na wenzake waliwapa watu 50 hadithi moja, nusu yao kwa kitabu na nusu kwa kisomeo. Uelewa wa jumla ulikaribiana, lakini waliosoma karatasi walikumbuka vizuri zaidi mfuatano wa matukio. Mkono unaohisi kurasa zikipungua kuliani na kuongezeka kushotoni huenda unaisaidia akili kujua ilipo.

Tafiti hizi zilifanywa kwa lugha nyingine. Hazitoshi kuwa hukumu juu ya Kiswahili, ambacho vitenzi vyake vinabeba viambishi vingi katika neno moja na kumtaka msomaji azingatie silabi. Hili ni eneo ambalo idara za lugha za Afrika Mashariki zingefanya vyema kulichunguza zenyewe.

Nakala ni ya nani?

Mpaka hapa ulinganisho umehusu macho na akili. Historia iliyoelezwa juu inataka jambo lingine litazamwe, nalo ni umiliki.

Julai 2009 wasomaji kadhaa wa Marekani walifungua visomeo vyao wakakuta vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, vimetoweka. Muuzaji hakuwa na haki ya kuviuza, na kampuni ya Amazon ilivifuta kutoka mbali ndani ya vifaa vya wateja na kuwarudishia fedha zao. Mkuu wa kampuni aliomba radhi. Tukio hili lina maana ya pekee kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu kitabu cha pili wanakifahamu: Fortunatus Kawegere alikitafsiri, na Shamba la Wanyama kikatolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Shirika hilo la uchapishaji halipo tena. Nakala zake zimechakaa, baadhi zimepoteza majalada, lakini hakuna ofisi yoyote duniani inayoweza kuziondoa usiku katika rafu za maktaba. Mchapishaji alikufa na kitabu kikabaki. Katika kisomeo mchapishaji alikuwa hai, na kitabu ndicho kilichoondoka.

Sababu ni kwamba anayelipia kitabu cha kielektroniki mara nyingi hanunui nakala. Hununua ruhusa ya kusoma. Ruhusa hiyo ina kufuli linalomzuia kuazima, kunakili au kurithisha. Mnakili wa Siyu hakuwahi kukutana na kizuizi cha namna hiyo. Kama tendi za kaskazini zingaliandikwa katika chombo kisichonakilika, huenda hata jina la Mwana Kupona lisingejulikana leo nje ya ukoo wake.

Hata hivyo ingekuwa makosa kusema kwamba kioo ni adui wa urithi. Kwa miswada ya kale kioo kimefanya jambo ambalo chapa haikulifanya kwa karne nzima. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na asili zake zikabaki Lamu. Mkusanyo wa London nao uliorodheshwa mwanzoni mwa karne hii ili utafutike kwa njia ya mtandao. Mwanafunzi mwenye kishikwambi anaweza sasa kuikuza hashiya iliyoandikwa pembeni mwa ukurasa hata aone mahali wino ulipokolea. Kishikwambi kinaweza pia kuirudisha sauti: maandishi na mahadhi ya msomaji vikawa pamoja tena, kama vilivyokuwa barazani.

Lakini hata hapa tahadhari inahitajika. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia mitambo ya Maktaba ya Uingereza, na huduma zake nyingi za mtandao zikazimika kwa miezi mingi. Karatasi zilizokuwa katika rafu hazikudhurika. Nakala ya kioo iliyohifadhiwa mahali pamoja tu ina udhaifu ule ule wa mswada mmoja uliokuwa katika kasha moja huko Pate. Wadudu tu ndio waliobadilika.

Riziki ya mwandishi

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Ikiwa kunakili ndiko kulikoziokoa kazi za kale, je, kunakili hakuziui kazi za sasa? Riwaya inayotolewa leo Nairobi huweza kuonekana kesho ikizunguka katika simu kwa picha za kurasa, pasi na mwandishi kupata senti. Kijuma alilipwa kwa kila nakala aliyoiandika. Mwandishi wa leo halipwi kwa nakala inayosambazwa kwa kidole. Mchapishaji naye ana mizigo yake. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013 iliviweka vitabu chini ya kodi ya asilimia 16, na hasara ikishaingia, kitu cha kwanza kukatwa ni kitabu kisicho cha shule: diwani, tamthilia ya majaribio, uchambuzi wa lahaja.

Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kutenganisha kazi za namna mbili. Sheria ya Kenya humlinda mwandishi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi iliyo ndani ya muda huo na inayouzwa ina mwenyewe. Anayeinakili bila ya idhini anamnyang'anya mtu riziki, awe ametumia mashine ya fotokopi au simu. Lakini tendi za karne ya 18 na ya 19 hazina mrithi wa kulipwa, na kuzitia kufuli ni kuwanyima wenyewe mali yao. Kati ya hizo mbili ziko kazi zilizo yatima: vitabu vya miaka ya 1960 na 1970 vilivyopigwa chapa mara moja, wachapishaji wake wamefungwa au wamevisahau, na sheria bado inavilinda. Hivyo ndivyo vilivyo hatarini zaidi leo. Karatasi yake inageuka rangi na kuvunjika, na hakuna mwenye ruhusa ya kuvinusuru.

Sheria ya Vitabu na Magazeti huwataka wachapishaji wawasilishe nakala za vitabu vyao, na maktaba ya taifa ni miongoni mwa wanaozipokea. Sheria hiyo ilitungwa katika zama za karatasi. Kitabu kinachotolewa kwa kioo peke yake kinahitaji kupata mlango wa namna hiyo hiyo, nakala yake iingie mahali pa umma bila ya kufuli, hata kama haitafunguliwa kwa wote mpaka muda wa haki umalizike.

Hitimisho

Historia iliyopitiwa haimwelekezi msomaji kwenye chombo kimoja. Inamwonyesha kwamba kila chombo kina kazi yake na kila kazi ina chombo chake. Kwa maandishi yanayosomwa kwa makini, yanayopigiwa mistari na kuandikiwa hashiya, kama vile kitabu cha sarufi au diwani inayochambuliwa darasani, kitabu cha karatasi bado kina nguvu, na tafiti zinakiunga mkono. Kwa riwaya na hadithi zinazopelekwa mahali ambapo lori la vitabu hufika kwa shida, kisomeo ni chombo kizuri kwa sababu ya wepesi wake na uchache wa umeme kinachohitaji. Kwa mswada wa kale, ramani, picha na mahadhi, kishikwambi hakina mshindani.

Lakini uteuzi huo wa msomaji mmoja mmoja unasimama juu ya uteuzi mkubwa zaidi. Uhamisho wa kwanza, kutoka hati za Kiarabu hadi za Kirumi, uliamuliwa bila ya kuwashauri waliokuwa wakisoma. Matokeo yake ni kwamba hadi leo wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili hawawezi kuusoma utendi katika mkono wa mwandishi wake, na ujuzi huo unazidi kupungua kila mzee wa Lamu anapoaga dunia. Uhamisho wa pili unaendelea sasa, na safari hii idara za Kiswahili zipo. Zinaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi: kufundisha usomaji wa hati za Kiarabu kama sehemu ya shahada, kuwadai wachapishaji nakala za vitabu yatima kabla havijaoza, na kuhakikisha kwamba kila mswada unaopigwa picha unawekwa katika zaidi ya mji mmoja, huku angalau nakala moja ikibaki mikononi mwa wale ambao babu zao waliuandika.

Mwengo, Mwana Kupona na Muyaka hawakujua majina ya watu watakaowanakili. Waliacha kazi zao katika hali ya kunakilika, na hilo ndilo sharti la kwanza ambalo chombo chochote kipya cha kusomea Kiswahili chapaswa kulitimiza.